Mbwa Kijana Asiyejua Kulala

Mchana wa Kolwezi hauna ukimya. Malori ya shaba na kobalti yanapanga foleni kuelekea barabara ya Likasi, pikipiki zinapigiana honi, na kutoka kwenye shimo la mgodi lililo jirani na nyumba za watu unakuja mlipuko unaotikisa vioo vya madirisha. Ndani ya lupangu, yaani uwanja wa nyumba, nyuma ya ukuta wa matofali, mbwa wa miezi tisa ameyaitikia yote. Amelibwekea lori, amefukuzana na pikipiki kwa upande wake wa ukuta, amechimba chini ya mwembe, ameangusha bidoni ya maji na kumalizia na ndala ya mgeni. Giza linaingia, watu wote wamechoka isipokuwa yeye. Jirani anatoa shauri ambalo hakuna asiyelijua: "Mama, huyo mbwa mumufunge tu."

Mnyororo unatafutwa, na hapo tatizo dogo linaanza kuwa kubwa.

Mbwa wengi wa Kolwezi huletwa nyumbani kwa kazi moja: kulinda. Mji huu ulianzishwa na kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1937 uwe makao ya migodi ya magharibi, na tangu 2015 ndio makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Madini yamevuta watu kutoka kila upande wa nchi, na penye watu wa kila aina na pesa zinazotembea, hakuna anayelala bila kufikiria mlango wake. Wengi huchukua kitoto cha mbwa wa kienyeji. Wenye uwezo hutafuta mwenye damu ya mbwa wa Kijerumani, au Malinois, mbwa wa Ubelgiji aliyekuzwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kuchunga kondoo kutwa nzima. Kisha mnyama huyo anawekwa mahali pa hatua ishirini kwa kumi na kutakiwa angoje usiku. Nguvu zake hazipungui kwa sababu uwanja ni mdogo. Zinatafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea kwenye viatu.

Umri nao una hesabu yake. Mbwa hubalehe kati ya miezi sita na mwaka mmoja, na kipindi hicho ndicho kinachowavunja moyo wenye nyumba, maana mbwa aliyekuwa anakuja akiitwa alipokuwa na miezi minne sasa anageuza kichwa, anamtazama bwana wake, kisha anaendelea na mambo yake. Watu husema amekuwa jeuri. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa wachanga waliokuwa wakiandaliwa kuongoza vipofu. Walipofika miezi minane, mbwa hao walikuwa wagumu kumtii mtu aliyewalea kuliko walivyokuwa na miezi mitano. Ajabu ni kwamba mgeni akiwapa amri ileile, walimtii. Walipokaribia mwaka mmoja, hali ilirudi kuwa nzuri. Kwa hiyo ukaidi huo ni kipindi cha kupita, na anayeumia zaidi ndani yake ni yule anayempenda mbwa.

Lakini ukaidi si kitu kimoja na kutotulia, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kitoto cha mbwa huhitaji kulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Mbwa mzima hulala au kusinzia saa 12 hadi 14. Ni nani anayempa mbwa kijana wa Kolwezi usingizi huo? Watoto wa nyumba wanamwamsha wacheze. Wa jirani wanamrushia vijiwe juu ya ukuta. Baba anarudi kutoka zamu ya usiku mgodini wakati mama anatoka kwenda sokoni, geti linafunguliwa na kufungwa, na kila mara mbwa anaruka juu. Kufika jioni ana macho mekundu, anauma mikono, anazunguka uwanja kwa mbio za wazimu kama mtoto aliyepitisha saa yake ya kulala. Watu wanaona nguvu nyingi. Mara nyingi wanachokiona ni uchovu.

Mnyororo haumpi usingizi. Mbwa aliyefungwa kwenye nguzo huona kila kinachopita na hawezi kukifikia wala kukikimbia, kwa hiyo anabaki amesimama, misuli imekaza, anabweka hadi sauti inakauka. Siku zikipita anajifunza kwamba kila anayekaribia ni chanzo cha ghasia. Iko imani kwamba mbwa afungwe mchana ili awe mkali usiku, na ukali kweli unapatikana, ila mbwa wa namna hiyo hachagui. Atamuuma mtoto wa nyumba aliyeokota mpira karibu naye kwa moyo uleule ambao angemuuma mwizi. Tena mbwa anayebwekea kila kitu saa 24 hasaidii ulinzi hata kidogo, kwa sababu watu wa nyumba huacha kuamka.

Kongo yenyewe imeupa ulimwengu mmoja wa mbwa wanaojulikana kwa kutotulia. Ni basenji, mbwa mwepesi wa rangi ya udongo mwekundu na nyeupe, mkia umejikunja mgongoni, ambaye habweki kama wenzake bali hutoa sauti inayopanda na kushuka. Wawindaji wa msituni huwavalisha mbwa wa aina hii kengele ya mti shingoni, ili wenye nyavu wajue mnyama anafukuzwa kutoka upande gani. Jozi iliyofikishwa Uingereza mwaka 1895 ilikufa kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1937, mwaka uleule wa kuanzishwa kwa Kolwezi, mfugaji Olivia Burn aliwaonyesha wa kwake kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, na watu wakajaa kuwatazama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani kadhaa, Jon Curby na Michael Work wakiwemo, walisafiri hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, hasa upande wa Wazande kaskazini-mashariki, kutafuta damu mpya. Mwaka 1990 American Kennel Club, chama cha kusajili mbwa cha Marekani, ikafungua daftari lake kuwapokea mbwa waliotoka huko.

Wanunuzi wa Ulaya na Marekani hawakuchelewa kugundua walichonunua. Basenji aliyeachwa peke yake chumbani hurarua makochi, hupanda uzio, huiba chakula mezani. Mbwa huyohuyo akiwa kijijini anaingia porini na watu, ananusa, anafukuza, anarudi, halafu analala majivuni bila mtu kumwambia. Hakuna aliyembadilisha tabia njiani kutoka msitu wa Ituri hadi Chicago. Kilichobadilika ni kwamba kazi imeondoka na mapumziko yake yakaondoka pamoja nayo.

Kutokana na hilo wengi hufikia uamuzi wa haraka: basi akimbizwe. Kijana wa nyumba anapewa kamba na kuambiwa ampeleke mbwa mbio hadi uwanja wa mpira, kila asubuhi na kila jioni. Siku za kwanza mbwa anarudi ulimi nje na kulala. Baadaye mapafu yanapanuka, misuli inakomaa, na nusu saa iliyokuwa ikimtosha inakuwa mwanzo tu wa mazoezi. Mwenye mbwa amejitengenezea mwanariadha nyumbani, na bado hajamfundisha kupumzika. Matembezi yanahitajika, tena kila siku, lakini mbio peke yake hazitibu kutotulia.

Kinachomchosha mbwa kwa njia nzuri kiko puani mwake. Mwanadamu ana vipokezi vya harufu milioni tano au sita hivi. Mbwa ana mamia ya mamilioni. Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha jaribio ambalo kundi moja la mbwa lilifanya zoezi la kutafuta kwa pua kwa wiki mbili na kundi jingine likafundishwa kutembea sambamba na mguu wa mtu. Kabla na baada, kila mbwa aliwekewa bakuli mahali pasipompa uhakika kama lina chakula au la. Waliotumia pua walilikimbilia kwa haraka zaidi kuliko mwanzo, ishara ya mnyama anayetarajia mema. Wale wa mguuni hawakubadilika.

Kwa familia ya Manika au Dilala, komuni za Kolwezi, jambo hili halihitaji fedha. Bukari (ugali) ya mbwa isimwagwe yote kwenye sahani akaimaliza kwa pumzi tatu. Ivunjwe vipande vidogo, itawanywe kwenye nyasi kavu nyuma ya nyumba, na mbwa aachiwe pua yake kwa robo saa. Ndagala wachache, wale samaki wadogo wakavu, waliolowekwa kupunguza chumvi wanaweza kufichwa chini ya mawe, ndani ya gunia lililokunjwa, au katika boksi la karatasi ambalo anaruhusiwa kulichana. Mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe unampa kazi ya kutafuna, na kutafuna kunampoza. Mfupa wa kuku uliopikwa haufai, maana huvunjika kwa ncha kali. Gunzi la mahindi na kokwa la embe ni hatari nyingine, ingawa vimejaa uwanjani msimu wake ukifika: mbwa akimeza kimoja kinaweza kuziba utumbo, na hapo ni upasuaji au kifo.

Matembezi nayo yaende kwa mwendo wa pua. Mbwa akitaka kusimama dakika nzima kwenye kichaka, asimame. Vijana wanaona aibu kuvutwa na mbwa anayenusa kila nguzo ya umeme, lakini hiyo ndiyo sehemu ya safari inayomrudisha nyumbani akiwa amepoa.

Halafu linakuja somo lenyewe la kutulia, ambalo watu wachache hufikiri kwamba linafundishika. Linahitaji gunia kuukuu lililokunjwa, mahali ambapo mbwa anawaona watu wa nyumba bila kuwa njiani mwao, na mkono wenye vipande vidogo vya chakula vilivyotolewa kwenye posho yake ya siku. Mbwa akikanyaga gunia, kipande kinawekwa chini katikati ya miguu yake ya mbele. Kimya, bila shangwe. Akikaa, kingine. Akilala, viwili vitatu, polepole. Akiondoka hafokewi; chakula kinakoma tu. Baada ya dakika tano mchezo unaisha kabla hajachoka nao.

Siku zinazofuata muda kati ya kipande na kipande unarefushwa. Mtu anapiga hatua moja kurudi nyuma, kisha mbili, kisha anaokota ufagio, anafungua geti na kulifunga. Kila usumbufu mpya unaanza ukiwa mdogo. Wanaoharakisha ndio wanaoshindwa: wanamlaza mbwa siku ya kwanza, siku ya pili wanaleta wageni kumi wa matanga, kisha wanasema mbwa huyu hafundishiki. Ni afadhali pia kumvizia. Kuna nyakati ambazo hata mbwa mtundu kuliko wote hujilaza kivulini kwa hiari yake, na kila mtu hushukuru na kupita kimyakimya. Huo ndio wakati wa kumdondoshea kipande kimoja na kuendelea na safari. Kwa kawaida mbwa hupata macho ya watu anapoharibu kitu, hata kama macho hayo yana hasira. Apate kitu pia anapotulia.

Jambo la watoto ni gumu kuliko la mbwa. Sheria moja inatosha, nayo isimamiwe na mkubwa: mbwa akiwa juu ya gunia lake, hakuna anayemgusa, anayemwita wala anayemrukia. Familia ikiishika, mbwa anapata mahali pa kulalia mchana katika nyumba yenye watu wengi, na muda si mrefu anakwenda pale mwenyewe akizidiwa.

Milipuko ya mgodi inahitaji maneno yake peke yake. Kolwezi si mji ulio karibu na migodi tu. Sehemu nyingine migodi imeingia mjini, na wakazi wa mtaa wa Cité Gécamines wameishi na mashimo ya wazi jirani na kuta zao. Mbwa husikia sauti nyembamba zinazozidi mara mbili mpaka wa masikio ya binadamu, na ardhi inapotikisika anaisikia kwa miguu. Mbwa kijana mwenye woga hujificha chini ya kitanda, au hutoka mbio popote penye upenyo. Migodi mingi hulipua kwa saa zilizopangwa. Anayezijua saa hizo katika mtaa wake anaweza kumwingiza mbwa ndani mapema, na mara tu baada ya mtikisiko kurusha chakula kizuri sakafuni. Ikirudiwa mara nyingi, mlipuko huwa taarifa ya ndagala. Kumkumbatia mbwa mwenye hofu hakumwongezei hofu, hata kama wazee wengine husema hivyo. Kumpiga kunamwongezea.

Nje ya geti, Lualaba ina hatari ambazo vitabu vya mbwa vya Ulaya haviziandiki. Kasulo, mtaa wa Kolwezi, ilianza kuchimbwa chini ya nyumba zake mwaka 2014, na palipo na wachimbaji wa mikono panaweza kuwa na shimo wazi. Mbwa kijana aliyeachiwa kamba humfukuza mjusi bila kutazama chini. Kamba ndefu ya mita kumi, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani badala ya shingoni, inampa uhuru wa kunusa bila kumpoteza. Maji yanayoteremka kutoka viwandani asiyaingie wala kuyanywa. Vumbi nalo si la kupuuza: mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti wa Kasulo ulioonyesha kobalti nyingi katika vumbi la mtaa na katika mkojo wa watoto. Mbwa hulamba nyayo zake kila jioni. Kumpangusa miguu kwa kitambaa chenye maji akirudi ni kazi ya dakika moja, na mbwa asiyependa kushikwa anajifunza kushikwa.

Meno ya mbwa kijana ni suala jingine, na hapa mzaha unakoma. Mbwa anayecheza kwa kuuma anaweza kumchubua mtoto, na katika Kongo mchubuko wa jino la mbwa lazima ufikiriwe pamoja na kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 duniani kwa mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na sehemu kubwa yao ni watoto. Ukishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali apate chanjo siku hiyohiyo. Mbwa mwenyewe huchanjwa akifika miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, kisha kwa ratiba ya daktari wa wanyama. Mbwa aliyebadilika ghafla tabia, anayetoa mate mengi, anayeyumba au kushindwa kumeza, asichukuliwe kuwa mtundu. Atengwe, na daktari aitwe.

Na fimbo? Mwaka 2020 mtafiti Ana Catarina Vieira de Castro na wenzake nchini Ureno walitoa utafiti wa mbwa 92 waliokuwa wakifundishwa katika shule mbalimbali za mbwa. Wale waliofundishwa kwa kuvutwa shingo na kufokewa walionyesha ishara nyingi za msongo, na homoni ya kotisoli katika mate yao ilipanda zaidi baada ya mafunzo kuliko ya wale waliofundishwa kwa zawadi. Mbwa mwenye msongo halali. Kwa mwenye shida ya mbwa asiyetulia, fimbo inatia mafuta pale alipotaka kuzima.

Wanaoishi na mbwa wa kazi wanalijua hili bila maabara. Katika hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, kikosi cha mbwa kilichoanzishwa mwaka 2011 huko Rumangabo kwa msaada wa daktari wa wanyama Mswisi Marlene Zähner hutumia mbwa wa kufuata harufu kuwasaka majangili, na kila mbwa ana askari wake anayemlisha na kumtunza. Huko Usa River, karibu na Arusha nchini Tanzania, shirika la African Wildlife Foundation limewafundisha mbwa kugundua pembe za ndovu kwenye bandari na viwanja vya ndege. Wateuzi wa mbwa wa namna hii humtaka yule kijana asiyechoka kutafuta mpira, yuleyule ambaye familia nyingi zingemfunga nguzoni. Akishamaliza zamu yake fupi ya kunusa, anarudishwa bandani kulala, na usingizi huo unahesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

Kabla ya yote hayo, mwenye mbwa aangalie mwili. Minyoo, viroboto, kupe na upele humfanya mnyama ajikune usiku kucha na kuonekana mwenye pepo. Njaa vilevile: bukari tupu inashibisha tumbo bila kumjenga mbwa anayekua, anayehitaji nyama, samaki au mayai ndani yake. Kolwezi ina madaktari wa wanyama, na kwa kesi ngumu kuna kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, safari ya kilomita 300 hivi. Mbwa wengi wa kienyeji hupoa wakikaribia mwaka mmoja na nusu. Malinois wengi hawapoi kabla ya miaka miwili au mitatu, na hilo linafaa kuulizwa kabla ya kulipa bei yake.